Mafiga ya Mama Leonia

Tulipomzika Kristina pale Karuba, mvua ilikuwa imeacha kunyesha asubuhi ile ile, na udongo mweusi wa mlima uling'ang'ania viatu vya kila mtu, vya wenye huzuni na vya waliofuata chakula. Mhubiri alikuwa kijana. Alisema marehemu amefuata nyayo za mama yake, Mama Leonia, na kwamba sisi sote tujitahidi kuishi kama Mama Leonia ili siku yetu ikifika tukumbukwe kama yeye. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekalishwa mbele pamoja na wazee wenzangu wa miguu mibovu, na amina yangu ilichelewa kidogo. Kijana yule hakumwona Mama Leonia hata siku moja. Mama Leonia alipokufa, mama mzazi wa kijana huyo alikuwa bado hajazaliwa. Ndani ya nyumba ya Mama Leonia tuliwahi kuishi watu wachache sana, na tangu Jumamosi ile ya mazishi nimebaki mimi peke yangu. Sikulia kaburini. Nililia nilipofika nyumbani na kukuta hakuna tena mtu ambaye ningeweza kumwangalia usoni, tukacheka bila kusema kitu.

Nilikuwa bibi arusi wa nyumba ile kwa mwaka mmoja, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanapita na magari yao kwenye barabara ya Masisi. Nilizaliwa wapi na nani alinitolea mahari, hayo nayaacha. Yana watu wake wa kuyasimulia, na wanayapenda kuliko mimi. La kujua ni kwamba mume wangu, Yosefu, alikaa na mimi mwezi wa kwanza tu, kisha akateremka Walikale kukata miti ya barabara. Mimi nikabaki mlimani Karuba na mama yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi kwetu. Bibi arusi alipikia kwenye moto wa mama mkwe mpaka siku mama mkwe alipoamua kumpa mafiga, yale mawe matatu ya jiko, na kumwashia moto wa kwanza kwa mkono wake. Kabla ya siku hiyo huna nyumba, hata kama mumeo amekujengea ya mabati. Huwezi kupika mahali pengine, na mume hana neno juu ya mafiga. Tena kama mama mkwe alikufa kabla ya kukupa, ulirithi jiko lake, ukabaki kulinda majivu yale mpaka na wewe ufe. Wanawake wenye akili waliwapa mabibi arusi mafiga baada ya mavuno mawili au matatu. Wengine waliwashikilia hata miaka sita, saba, kwa sababu ni nani anayetaka kuamka kukamua na kuchota maji wakati yupo mwenye miguu mipya?

Mlima mzima ulimsifu Mama Leonia. Alikuwa mjane, mkulima wa maharagi na viazi kama majirani zake, na alikuwa na ng'ombe wawili. Kila asubuhi watoto wa pale jirani walisimama kwenye ua na vibuyu vyao, naye aliwagawia maziwa bila kutaka kitu. Mvua ikinyesha, aliwagawia. Ng'ombe mmoja akiwa na mimba, maziwa yamepungua, aliwagawia. Nilipoambiwa nitaolewa katika nyumba hiyo, shangazi zangu walinionea wivu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nilifungua, nikaingia, na mlango ukafungwa nyuma yangu.

Ndani kulikuwa na chumba kimoja kikubwa chenye moshi, na ukuta wa matete uliokata kona moja ambamo Mama Leonia alilala. Juu ya kichwa chake palikuwa na msalaba wa mti, na chini ya kitanda vyungu vya mbegu alizozihesabu kwa macho kila nilipopita. Mimi nililala upande wa mlango, karibu na ndama. Baada ya watoto kupewa maziwa, yeye alikunywa yaliyobaki, kisha kibuyu kilisuuzwa kwa maji ya moto, na yale maji meupe ndiyo yalikuwa yangu. Nilikula baada yake, maharagi yaliyoshika chini ya chungu. Hakunipiga hata mara moja na sitamsingizia. Lakini nilikuwa siruhusiwi kuvuka ua isipokuwa kwenda mtoni na shambani, na nikichelewa mtoni alisimama mlangoni akaniita kwa sauti tamu iliyosikika vilima viwili, "Binti yangu, uko wapi, nilikuwa na wasiwasi," na majirani wakasema, ona anavyompenda. Nilimchukia kwa hiyo sauti tamu kuliko kwa kitu kingine chochote.

Habari za Yosefu zililetwa na wachukuzi wa mafuta ya mawese. Walitoka Ntoto na vijiji vingine vya msitu wa Walikale, wakapumzika Kashebere, kisha wakapanda kwetu kubadilisha mafuta na maharagi. Siku moja mmoja wao alisimama uani akasema, "Mama, Yosefu anakusalimia. Amejenga nyumba pale Ntoto. Anasema umutume muke yake." Mimi nilikuwa ndani nachambua maharagi, na mikono yangu ikasimama. Mama Leonia akajibu, "Umwambie mama iko mugonjwa. Nikipona, nitamutuma." Wakati huo alikuwa mzima kama jiwe la kusagia. Mchukuzi alipokwenda, aliingia, akaketi, akanyoosha miguu yake akaiangalia kwa muda mrefu. Mungu hachezewi. Kabla ya mvua za Machi miguu ile ilianza kuvimba kweli, na ilipofika wakati wa kupalilia hakuweza tena kutoka nyuma ya ukuta wa matete.

Nilipoona amelala nilifikiri, Mungu anisamehe, sasa nimepona. Kumbe ndipo nilipofungwa barabara. Mtu mwenye afya unaweza kumkwepa shambani, lakini mgonjwa yupo kila mahali. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimpaka miguu samli iliyochanganywa na majani, na kila kikohozi changu alikisikia. Wageni walijaa. Walikaa kwenye vigoda kando ya kitanda na kumsifu akiwa anasikia, nami nikikoroga uji upande wa pili wa matete nilisikia kila kitu: jinsi alivyomvika mtoto wa jirani, jinsi alivyompa mjane fulani mbegu mwaka wa njaa. Yote yalikuwa ya kweli, niliyathibitisha baadaye. Yeye alisema tu, "Ni Mungu, ni Mungu." Wageni walipotoka, akaniita.

"Uko nasikia vile bantu wanasema?"

"Niko nasikia, mama."

"Wao wanajua inje. Siku ya kunyoa, weye njo utasema ya ndani."

Hilo nalo, kwamba mimi ndiye nitakayesema, lilikuwa desturi yetu. Siku ya kumaliza kilio watu walinyolewa nywele, wakafua nguo, majembe yakarudi shambani. Lakini kabla ya kunywa na kutawanyika, bibi arusi aliyekuwa analinda moto wa marehemu alisimama mbele ya wote na kusema jinsi marehemu alivyoishi ndani ya nyumba yake. Wengine walisema ya nje. Neno la mwisho lilikuwa la bibi arusi, na hilo ndilo lililobaki. Kulikuwa na mwanamke wa mlima wa pili ambaye bibi arusi wake alisimama, akatazama chini, akaketi bila kusema. Mpaka leo hakuna mtoto aliyepewa jina la mwanamke yule.

Basi Mama Leonia akaanza kunifundisha. Nasema kunifundisha, kama katekista anavyofundisha watoto maswali. Nikiwa nampaka samli miguu alisema, "Anza," nami nikaanza, "Mama Leonia alikuwa mutu wa maombi," naye akanikatiza, "Sema polepole, papa Daniele hasikie muzuri." Papa Daniele alikuwa ndugu wa marehemu mumewe, mzee wa ukoo ambaye angesimamia siku ile. Nikasema polepole. Kisha ya maziwa, kisha ya mbegu, kisha jinsi alivyonipenda kama mtoto aliyemzaa. Hapo niliharakisha. "Rudia iyo," alisema. Nikarudia. Aliridhika, akafumba macho, na mimi nikatoka nje nikatapika uji wangu nyuma ya zizi, wala sikuwa na mimba. Ilikuwa ni hasira tu, haikuwa na mahali pengine pa kutokea.

Nilimwambia Kristina. Kristina alikuwa binti yake mkubwa, ameolewa ng'ambo ya bonde, na alikuja Jumapili baada ya sala, chini ya kanga yake ameficha viazi vya kuchoma kwa ajili yangu, maana alijua chakula cha ndani ya nyumba ile, alikila utotoni. Tulikaa nyuma ya zizi.

"Shemeki," aliniambia, "umuombe mawe akiwa bado na kinywa. Akikufa bila kukupa, utabakia hapa na ile majivu."

"Nimemuomba. Anasema kesho."

"Mama yangu iko na kesho mingi," alisema Kristina, akamenya kiazi kingine akanipa.

Mchukuzi wa mafuta alikuja tena, na tena. Yosefu alikuwa ameezeka nyumba. Yosefu alikuwa ameugua homa na sasa amepona. Mara ya mwisho mchukuzi alinong'ona kupitia ua kwamba pale Ntoto watu wameanza kumwuliza Yosefu kama kweli ana mke, na baba mmoja mwenye mabinti amemkaribisha chakula mara kadhaa. Siku hiyo niliingia ndani bila kunawa mikono. Mvua ilikuwa inapiga majani ya paa. Nilipiga magoti nikaanza kumpaka miguu, na aliposema "Anza," sikuanza.

"Mama, ya maziwa nitasema. Watoto wote wameiona. Lakini wataniuliza ya mafiga. Niseme nini?"

Akacheka, kicheko kidogo kikavu ambacho wageni hawakuwahi kukisikia.

"Unajua ile maziwa ilianza namna gani?" aliniuliza. "Ilianza na mama mukwe yangu. Ule mama hakukuwa napa mutu hata maji ya kunawa. Alinishika kwa jiko yake miaka saba. Siku ya kunyoa nikasimama, bantu wote wananiangalia, nikaona haya. Haya yake, hapana yangu. Nikasema: huyu mama alikuwa nagawia batoto maziwa kwa siri, asubuhi mapema, hakutaka mutu ajue. Bongo, uongo tu. Nilitunga pale pale. Bantu wakalia."

"Halafu?"

"Halafu kesho yake nikafungua mulango. Batoto walikuwa pale na vibuyu." Akageuza uso ukutani. "Mama zao waliwatuma. Walisema bibi arusi wa mama muzuri vile hawezi kukatala. Ningefanya nini? Nikawapa. Kesho tena. Kutoka ile siku sijapumuzika. Kuko asubuhi nilikuwa nachukia ile maziwa mupaka nalia. Na weye nakunyima sababu ile inabakia njo yangu peke yangu, kidogo tu."

Nilikuwa nimemchukia mwaka mzima, na chuki ni kazi. Unapoamka unajua pa kuanzia. Sasa nilikuwa nimeshika mguu uliovimba wa mwanamke mwenye hofu, na sikujua niushike vipi. Nikamwomba tena mafiga yangu, kwa upole safari hii. Akasema, "Ukienda, nitakufa na nani? Minaogopa. Nikifa bila mutu kando, watasema Leonia alikufa sawa imbwa. Hapana kuniomba tena." Nikamwambia mimi pia ninaogopa. Akasema, "Najua." Akanishika mkono, mara ya kwanza na ya mwisho, na hakunipa mawe.

Nimefikiria jambo hilo miaka mingi, nikiwa na afya na nikiwa mgonjwa. Wahubiri wanasema ishi vizuri, utakumbukwa vizuri, kana kwamba moja linazaa lingine kama kuku na yai. Mimi nilimwona mtu aliyeburutwa kwenye wema na neno lake mwenyewe, akauchukia, na bado kila asubuhi maziwa yalitoka. Watoto waliokunywa hawakuonja chuki. Walinenepa. Sijui Mungu anaandikaje kitu kama hicho, na sitajifanya najua.

Alikufa asubuhi ya kiangazi, nikiwa uani nagawia watoto maziwa. Maneno yake ya mwisho kwangu, kupitia matete, yalikuwa niangalie mtoto wa jirani wa chini asikose, maana jana alikosa. Niliporudi ndani na kibuyu kitupu alikuwa ameelekea ukutani. Nilikaa chini. Nilihuzunika kuliko nilivyotaka, kisha nikaona moto ukiwaka kati ya mafiga yake matatu, nikaelewa kwamba sasa ni moto wangu, na nikashikwa na woga. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

Yosefu alipata habari kwa wachukuzi, akafika amechoka siku chache kabla ya kunyoa. Alilala upande wa wanaume, na alikuwa kama mgeni kwangu; nilikuwa nimesahau jinsi anavyokohoa. Tulizungumza mara moja tu, karibu na zizi. Aliniuliza, "Alikupa mawe?" Nikatikisa kichwa. Akaangalia chini, akasema, "Basi mi nitafanya nini?" Hakuwa mtu mbaya. Kweli hakuwa na la kufanya.

Siku ya kunyoa ua ulijaa hadi nje. Waliongea watu wa kanisa, waliongea majirani, yalitajwa maziwa mpaka nikafikiri ng'ombe wenyewe watasimama kushuhudia. Kisha papa Daniele akasema, "Sasa ya ndani." Nikasimama, kichwa changu kimenyolewa, upepo unanipiga masikio. Nilikuwa na somo langu lote kichwani, neno kwa neno. Ningeweza kulisema lote na kubaki na jiko lile milele. Ningeweza pia kutazama chini na kuketi, na jina lake lingefia pale. Niliwatazama wanawake. Mbele walikaa mama wakwe, wamenyoosha miguu, na nyuma yao walisimama mabibi arusi wao, wenye migongo ya kuni na macho kama yangu.

"Mama Leonia alikuwa mutu wa maombi," nilisema, polepole, kwa ajili ya papa Daniele. "Maziwa mumeiona. Ile hamukuona ni hii. Mwezi wa kwanza tu, Yosefu alipoenda, aliniita, akanipa mafiga yangu. Akasema, hakuna mama anapashwa kufunga mutoto wa wengine kwa jiko yake. Akaniwashia moto kwa mukono yake. Miye njo nilikatala kwenda. Miguu yake ilianza kuuma, nikasema nitamutunza kwanza. Kila mwezi alikuwa ananifukuza: enda kwa mume yako. Miye njo nilikatala."

Nilimwona Yosefu akifungua kinywa. Papa Daniele aliinama mbele, mkono nyuma ya sikio, akauliza nani alishuhudia, kwa kuwa moto wa bibi arusi hauwashwi bila shahidi. Hilo nilikuwa nimelisahau.

"Miye," alisema Kristina. Alikuwa amekaa na wanawake wa ukoo, mtoto wake kifuani, na hakuinua hata sauti. "Nilikuwa pale. Aliwasha na majani ya muhindi."

Wakaanza kulia. Walilia kwa uchungu wa kweli, hata mama wakwe, ingawa niliona baadhi yao wakifuta macho na kutazamana. Papa Daniele akasema nimeachiliwa, na kwamba mwanamke kama Leonia hatazaliwa tena mlimani kwetu. Kesho yake Kristina alitusindikiza mpaka mtoni. Yosefu akatangulia na mzigo. Kristina akaingia majini, akachagua mawe matatu, akayapima mkononi kama mtu anayenunua viazi, akayafunga kwa majani ya ndizi akanitwika. Nilimwuliza kwa nini alitoa ushahidi ule. "Iko mama yangu," alisema. Nilibeba mawe yale kupitia Masisi, kupitia Kashebere, mpaka Ntoto, ambako mawe ya jiko yamejaa kila kijito.

Mwaka haukuisha kabla wachukuzi wa mafuta hawajaanza kuniletea salamu za hasira. Mama mkwe mmoja wa Karuba alinilaani. Mwingine alisema nikipanda mlimani atanimwagia maji ya vyombo. Maana mabibi arusi walikuwa wamepata kinywa. Walisema, Mama Leonia alitoa mwezi wa kwanza, na wewe je, wewe ni nani kumzidi Mama Leonia? Na hakuna aliyetaka kuonekana mbaya kuliko marehemu. Nilicheka sana Ntoto, nikipika kwenye moto wangu.

Kisha wanangu wakakua. Wa kwanza alipooa, alimleta nyumbani msichana aliyekuwa akiimba anapotwanga, na mimi, ambaye Yosefu alikuwa ameshaniacha mjane, nilimpenda kama pumzi. Nilipanga kukaa naye miaka miwili, mitatu. Sikumnyima maziwa. Nilimpa nyama kabla ya mwanangu. Mwezi wake wa kwanza ulipokaribia kuisha nilimwona mtu anateremka njia ya Kashebere na fimbo, amechakaa kwa safari. Ilikuwa Kristina. Aliingia, akanywa maji, akatazama jiko langu, akamtazama yule msichana.

"Shemeki," aliniambia, "mawe yake iko wapi?"

Nikayatoa. Nikawasha moto kwa mkono wangu, Kristina akishuhudia, na nikalia mbele ya watu kama mtu aliyeibiwa. Majirani walikuja kunipongeza. Walisema sasa wameamini kweli nililelewa na Mama Leonia, kwa maana tumefanana.